Mmorvi Aliyevuka Mto

Funyula, Samia
Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kwako Otukei wa Malaba,

Salamu. Mimi ni mzima na nguvu ninazo. Juzi nimebeba gunia la mahindi kutoka barabarani mpaka jikoni, vijana wawili wakinitazama tu kama wameona gari ya zimamoto. Barua hii naandika kwa mkono wangu, hakuna mtu amenisaidia hata kwa herufi moja. Wewe masikio yako yalibaki kwa ile mashine ya kusaga ya Busia, na mimi simu sitaki tena kuisikia, kwa hivyo tuandikiane. Hasina akija huku siku ya soko na mitumba yake nampa barua, akirudi kwenu anakupa. Huyo mama hapotezi kitu.

Sasa tuingie kwa mambo. Jana kwa hoteli ya Edris tumeona Meli ya Juu, msimu mpya. Bila shaka unakumbuka mara ya kwanza Robinson wangu alipotuletea hiyo sinema kwa flashi, tukakaa wote watatu kwa nyumba yangu, wewe ukasema watu gani hawa Wamorvi wanaishi kwa meli kwenye nyota na hawalimi. Leo hakuna mtu Samia nzima anajua Meli ya Juu kunishinda. Vijana wananiita Profesa wa Wamorvi. Mimi sikuwaambia waniite hivyo, ni wenyewe wameona.

Basi jana Mmorvi mmoja, yule mkubwa wao mwenye mapezi shingoni, amevuka mto. Maji mpaka kifuani, na akatokea ng'ambo mzima. Hoteli ikawa kelele. Wanasema mbona msimu wa kwanza mvua ilimnyeshea Mmorvi akaisha kama sabuni? Edris mwenyewe aliweka chini birika akasema, Mzee, hapa tumedanganywa.

Mimi nikasimama. Nikawaambia kuna maji na maji. Mvua inatoka juu haijaguswa na kitu, hiyo ndiyo inaua Mmorvi. Mto umebeba udongo, na udongo unampaka ngozi kama vile sisi tunapaka nyumba, maji hayaingii. Mwingine akauliza na vile vidole, zamani vinne sasa vitano? Nikamwambia cha tano kinaota Mmorvi akishaoa. Nilipewa chai na mandazi bila kulipa.

Andika na wewe uliona nini, maana najua kwenu kwa kibanda pia inaonyeshwa.

Mengine ni ya kawaida. Wazee wa ukoo wamekuja tena juu ya ile kazi ya mgomba. Wanataka tukate mgomba, tuuvike nguo, tuuweke kwa shimo tuseme huyo ndiye Robinson, eti kwa sababu mafuriko ya Budalang'i yalimchukua mwaka jana mwezi wa tano na mwili haujaonekana. Nimewaambia kitu hakijaonekana maana yake hakijaonekana. Nikawaacha hapo nikaenda kupalilia.

Ni mimi,
Bwire


Malaba
Ijumaa, 8 Agosti 2025

Bwire rafiki yangu,

Barua yako Hasina amenipa ikiwa imekunjwa ndani ya suruali ya mtoto. Nimeisoma mara mbili.

Niliona huyo Mmorvi. Kibanda chetu kilikuwa kimejaa madereva wa malori wanaongoja kuvuka, na wao pia walibishana, niliona midomo yao. Mimi sisikii, kwa hivyo macho ndiyo yanafanya kazi yote, na macho yangu yanakumbuka. Msimu wa pili kulikuwa na Mmorvi aliyeanguka kwenye birika la kunyweshea wanyama. Lile birika lilikuwa na tope mpaka katikati. Udongo ulikuwepo, na alikufa. Sababu yako ya udongo haifiki mbali.

Sasa nikwambie jambo lingine, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine kwanza. Roselida alikuja kwangu. Alipanda gari pamoja na Hasina, akakaa kwenye kiti mlangoni, akaniandikia maneno kwenye karatasi kwa sababu kunipigia kelele hawezi. Wewe ni mkwe wake. Tangu aolewe na Robinson hajawahi kukaa meza moja nawe wala kukujibu neno, na mila hiyo hawezi kuivunja yeye. Kwa hivyo ameniomba mimi.

Anasema wazee wameweka siku, Jumamosi tarehe thelathini mwezi huu. Anasema panga la kwanza kwenye mgomba ni la baba wa mtu, na kama baba yupo hai hakuna mwingine anaruhusiwa, si mjomba, si kaka. Wewe usiposhika panga hakuna kitakachofanyika. Anasema amengoja mwaka mzima na zaidi, si mke wala si mjane. Hiyo siku ikipita bure atachukua watoto arudi kwao Marachi, na hatarudi.

Ikapel alimwona Robinson akienda na maji. Ni mtoto wa dada yangu, najua, lakini ndiye aliyekuwepo. Fikiria.

Otukei


Funyula
Jumatatu, 11 Agosti 2025

Otukei,

Lile birika lilikuwa la chuma. Chuma kikikaa na maji kinatoa kutu, na kutu ndiyo ilimuua, si maji. Sikiza mtu anayejua.

Nimeshangaa sana mke wa mtoto wangu kutembea mpaka Malaba kunisema kwa watu. Lakini sitasema mengi, yeye ni mtoto.

Juu ya huyo Ikapel wako nitasema. Siku ile kwa chifu, Ikapel alisimama mbele ya watu akasema alimwona Robinson na shati la kijani. Nilikuwepo, nilisikia. Halafu wazee walipomwita hapa nyumbani baada ya mwezi, akasema maji yalimchukua akiwa na nguo nyekundu. Nikamuuliza mbele ya wote, Ikapel, ni kijani ama ni nyekundu? Akaangalia chini. Hata leo hajajibu. Mtu mwenye aliona kitu kweli hawezi kukiona na rangi mbili. Huyo alikuwa amejificha mahali, akakimbia, sasa anatunga. Huo ndio ushahidi mnataka nishikie panga?

Na wewe hutaki kusikia ya Olinga. Olinga wa ng'ombe alikuwa Jinja mwezi wa pili, akamwona Robinson sokoni. Alimwona mgongo. Olinga anajua mgongo wa Robinson, wameswaga ng'ombe pamoja miaka. Kweli huyo mtu alikuwa anachechemea na Robinson hachechemei, lakini mtu akitoka kwa mafuriko mguu unaweza kuumia. Kweli aliitwa jina hakugeuka, lakini mtu akiwa ng'ambo bila karatasi anaficha jina. Kweli alikuwa na kipara. Mawazo yanatoa nywele, hata mimi yamenitoa.

Vijana kwa Edris wanasema hakuna swali la Wamorvi limewahi kunishinda. Kwa hivyo usifikiri la kwenu litanishinda.

Bwire


Malaba
Ijumaa, 15 Agosti 2025

Bwire,

Nimekaa na barua yako siku nzima, nikaona kitu. Nitakiandika ingawa utakasirika.

Mmorvi mmoja ameyeyuka kwa mvua, mwingine akafa kwenye birika, wa tatu akavuka mto akatoka mzima. Wewe ukasema ni sawa, kuna udongo, kuna kutu. Vidole vinne vikawa vitano, ukasema ameoa. Msimu wa tatu damu yao ilikuwa ya bluu na sasa ni nyeusi, na najua hata hiyo umeshaitafutia sababu. Mtu wa Jinja anachechemea, ana kipara, haitiki jina, na wewe umemtengenezea mguu, nywele na jina mpaka akawa Robinson. Hawa wote umewasamehe.

Ikapel amekosea rangi ya shati moja tu. Huyo hukumtafutia sababu hata moja. Hukumwuliza mara ya pili ukiwa umekaa naye peke yako. Shati moja, Bwire. Wamorvi ungewapa mashati kumi.

Mimi na wewe tulifanya kazi kwa ile mashine miaka mingi, wewe ukibeba magunia, mimi nikilisha mahindi. Uliponiona siku ya kwanza sisikii, ulikuja ukasimama mbele yangu ndipo ukasema, na tangu hapo hukuwahi kuniita kwa nyuma. Sasa nakusemesha mimi nikiwa mbele yako. Nitazame.

Roselida anasema mtoto mkubwa aliulizwa na mwalimu baba yako yuko wapi, akajibu amekufa. Mdogo akaulizwa na mwalimu huyo huyo, akasema amesafiri. Mwalimu akawaita wote wawili ofisini, akiwadhania waongo. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alisema lile analolisikia nyumbani.

Siku zinakwenda.

Otukei


Funyula
Jumatatu, 18 Agosti 2025

Otukei,

Hii ni barua ya mwisho. Wewe unatetea damu yako, na mimi natetea yangu.

Leo asubuhi Roselida ametoka na watoto, hata hiyo siku yenu haijafika. Hakuniaga, sijui kama mila inamkataza ama ni kiburi. Aliacha chakula kwa meza kimefunikwa, na ufunguo wa ile nyumba yao juu ya kifuniko. Yule mdogo aligeuka mara moja kwa lango akanipungia. Nafikiri aliambiwa wanaenda kusalimia nyanya.

Sasa mmefurahi.

Mimi Bwire niliyebeba magunia matatu kwa mgongo mmoja kutoka kituo cha Busia, siwezi kukata mgomba na kuuita mtoto wangu. Mgomba ni mgomba. Siku nikishika hilo panga, ndiyo siku mimi mwenyewe nimesema hayuko. Kabla ya hapo hakuna mtu amesema. Chifu hajasema, hospitali haijasema, mto haujasema. Mnataka niseme mimi.

Usiniandikie tena. Hasina nimemwambia barua yako ikija arudi nayo.

Bwire


Butula, Marachi
Jumapili, 24 Agosti 2025

Kwako Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukuandikia. Najua si kawaida mke wa mtoto wako kukusemesha hivi, lakini karatasi haina macho, na ukiisoma mimi sitakuwepo mbele yako. Watoto ni wazima. Mama yangu anakusalimu.

Baba, siku ile sikutulia hapa Marachi. Watoto niliwaacha hapa kwa mama, nikapanda gari mpaka Budalang'i kwa Ikapel. Nilikuwa nimesikia kupitia Hasina mzee Otukei alivyokuandikia, kwamba hakuna mtu amewahi kukaa na Ikapel peke yake akamuuliza. Nikasema basi nitamuuliza mimi.

Mkewe alinipokea vizuri. Ikapel hakutaka kusema mbele yake, tukatoka nje karibu na zizi. Nilimuuliza kama ulivyomuuliza wewe, kijani ama nyekundu. Akasema, "Zote mbili, shemeji."

Siku ile Robinson alikuwa amevaa shati la kijani, na ndani yake ile fulana nyekundu ya kuchezea mpira. Maji yalipopanda walikuwa juu ya paa la banda la ng'ombe, Ikapel, mtoto wake mdogo, na Robinson. Wanaume wa kule kwenye tuta la mto walirusha kamba. Ikapel alikuwa anatetemeka hawezi kumshika mtoto na kamba pamoja. Robinson akavua lile shati la kijani, akamfunga mtoto nalo mgongoni kwa Ikapel, mikono ya shati ikafungwa kifuani mafundo mawili. Akamwambia tangulia. Ikapel akafika kwenye tuta. Alipogeuka alimwona Robinson kwenye kamba na fulana nyekundu, halafu kamba ikabaki peke yake.

Kwa chifu alisema kijani kwa sababu hilo shati lilikuwa bado liko kifuani mwake, limelowa, chini ya koti aliloazimwa. Kwa wazee alisema nyekundu kwa sababu hiyo ndiyo rangi aliyoiona mwisho. Ulipomuuliza kwa nini rangi mbili, angejibu angelazimika kusema habari ya mtoto. Aliogopa, Baba. Aliogopa utamtazama yule mtoto na kusema huyu ndiye amekaa mahali pa wangu. Akaona ni heri aitwe mwongo.

Mkewe alilitoa lile shati kwenye sanduku. Limefuliwa na kupigwa pasi. Kifungo cha tatu kimeshonwa kwa uzi mweusi. Ni mimi nilikishona, uzi wa kijani ulikuwa umeniishia.

Wewe ndiye ulitufundisha kwamba mambo mawili yakikataana usikimbilie kusema ni uongo, tafuta kilicho katikati yake. Nilikuwa nakusikia kutoka jikoni ukiwaeleza wale vijana wa Edris wakija nyumbani, na Robinson alikuwa anacheka mpaka machozi. Mimi nimetafuta kilicho katikati. Ni mtoto.

Jumamosi nitakuja na watoto asubuhi. Mgomba uko nyuma ya jiko, ule mnene. Nikifika langoni nikakuona na panga mkononi, tutaingia. Nisipokuona nalo, tutarudi barabarani na gari la kwanza la Butula, na sitakulaumu, wala watoto sitawafundisha kukulaumu.

Ni mimi binti yako,
Roselida


Funyula
Jumatano, 27 Agosti 2025

Kwako Otukei,

Nilisema ile ilikuwa barua ya mwisho. Hii si barua, ni habari tu. Hasina amekubali kuchelewa gari aningoje nimalize.

Roselida ameniandikia. Aliipa Hasina hiyo barua kwa soko la Busia. Nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikaketi nikaisoma tena.

Ule uzi mweusi naujua. Asubuhi Robinson anaenda Budalang'i alipita hapa mlangoni kuniaga, na mimi nikamcheka. Nilimwambia wewe mtu wa ng'ombe nyingi unavaa shati lenye jicho moja jeusi kama mbuzi mgonjwa. Akacheka, akasema ng'ombe hawaangalii vifungo. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho. Hakuna mtu mwingine alikuwepo. Ikapel hakuwepo. Kwa hivyo shati ni lile. Sina sababu nyingine ya kuweka hapo, Otukei, nimetafuta. Nimetafuta tangu juzi, na wewe unajua mimi nikitafuta ninapata.

Jana nilienda kwa Edris kununua sukari tu. Vijana walikuwa wamemwomba arudishe kile kipande cha mto, kuna mgeni kutoka Sio Port hajakiona. Mmorvi akaingia majini, akatokea ng'ambo. Yule mgeni akasema haya ni matakataka, mbona hafi. Wote wakageuka kwangu. Edris akapunguza sauti ya televisheni ili nisikike vizuri. Wakangoja.

Nikawaambia, "Maji yanamuua Mmorvi. Waliotengeneza sinema walisahau."

Kijana mmoja akaanza kusema lakini Mzee, ule udongo, na Edris akamgusa bega. Nilichukua sukari yangu nikatoka. Chai waliyonimiminia niliiacha hapo hapo.

Nimenoa panga. Lile la kwangu la zamani, sikutaka la kuazima. Nimelinoa mpaka likakata nywele ya mkono. Jumamosi asubuhi nitakuwa kwa lango kabla jua halijatoka, Roselida aje mapema ama achelewe atanikuta. Huo mgomba mnene nitaukata kwa pigo moja, utaona mwenyewe, hakuna kijana hapa Funyula anaweza.

Mwambie Ikapel aje. Aje na yule mtoto, nataka kumwona ana uzito gani. Mwambie shati asilete. Tutauvika mgomba nguo nyingine, za Robinson ziko kwa sanduku. Hilo la kijani alihifadhi, mtoto akikua alivae.

Na wewe uje Ijumaa ulale hapa. Siku hiyo watu watanisemesha sana na mimi sitakuwa na masikio ya kuwasikia. Nitakaa karibu na wewe, wafikiri tuko wawili hatusikii.

Juu ya maji nimekubali. Juu ya vidole sijakubali, hiyo usijidanganye. Vidole vina sababu yake, na nitakueleza tukishazika.

Bwire